Rezo Ilipokatika, Faili Nazo Ziligoma

"Enjenyeri, rezo ikikatika, mashini yenu inakataa hata kuandika."

Muuguzi aliyeniambia hivyo alikuwa na umri wa kunizaa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa vijana wengine wa kompyuta wasimsikilize. Mwaka ulikuwa 2017. Tulikuwa Lusenda, katika Fizi, Kivu Kusini, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo. Barabara ya Uvira kwenda Baraka inapita hapo, milima upande mmoja, Ziwa Tanganyika upande wa pili. Kambi ilijaa upesi kiasi kwamba eneo la pili, Mulongwe, lilihitajika. Kituo cha afya kilikuwa na foleni tangu alfajiri, na kila aliyepita kwenye foleni ile alipaswa kuandikwa.

Programu tuliyoikuta pale ilikuwa na wazo zuri. Wauguzi wanajaza fomu kwenye tableti. Fomu inakwenda kwa Wi-Fi ya ndani hadi kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja, Raspberry Pi, iliyokuwa ikiishi kwa betri na paneli za sola. Kompyuta inaiandika fomu kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha rezo, yaani mtandao, ikipatikana inatuma nakala kwenye seva mjini Bukavu. Maana yote ya mpango huo ilikuwa kwamba kazi isimame juu ya miguu yake hata modemu ikifa. Kumbe muuguzi alikuwa anatuambia kwamba maana yenyewe haipo.

Tulichomoa modemu tukatazama. Kwa muda fomu ziliendelea kuandikwa vizuri, halafu zikaanza kukawia, halafu zikasimama kabisa, tableti zote zikionyesha kile kiduara kinachozunguka bila kufika. Tuliporudisha modemu, fomu zote zilizokwama ziliandikwa kwa mkupuo mmoja. Kadi ya kumbukumbu, ambayo kila mtu aliilaumu, haikuwa na tatizo lolote.

Nieleze kilichokuwa kinatokea, maana hapo ndipo somo lilipo. Programu iliandikwa kwa Node.js, mazingira ambayo Ryan Dahl aliyatangaza mwaka 2009 kwa ahadi moja kubwa: programu yako ina uzi mmoja tu wa utekelezaji, na uzi huo hausubiri kamwe. Unaomba jambo, unaacha maelekezo ya nini kifanyike likikamilika, unaendelea na mengine. Kwa mawasiliano ya mtandao ahadi hiyo inatimizwa na kerneli yenyewe, kiini cha mfumo endeshi. Linux ina epoll, iliyoingia mwaka 2002, na FreeBSD ilitangulia na kqueue mwaka 2000. Unaiuliza kerneli: kati ya miunganisho hii mia tano, ni ipi iliyo tayari kusomwa? Inakujibu, unasoma, unauliza tena.

Lakini faili za kawaida kwenye diski hazimo katika mpango huo. Ukijaribu kuiingiza faili ya kawaida ndani ya epoll, kerneli inakukatalia kwa kosa la EPERM. Ukitumia poll ya zamani, inakujibu kwamba faili iko tayari daima, hata kama diski itakuweka sekunde nzima. Ni urithi wa Unix tangu miaka ya 1970: kusubiri kibodi au mtu aliye upande wa pili wa waya kulihesabiwa kuwa ni kusubiri, kusubiri diski hakukuhesabiwa. Kwa kadi ya bei rahisi katika joto la ufukwe wa Tanganyika, dhana hiyo haina msingi.

Basi libuv, maktaba inayobeba Node.js, inafanya ujanja. Inafungua nyuzi za pembeni, nne kama hukusema vinginevyo, na kazi zote za faili zinapelekwa huko zikasubiriwe. Ni ujanja wa busara, sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba kuna kazi nyingine inayopelekwa kwenye nyuzi hizohizo nne: kutafuta anwani ya seva kwa jina lake. Kazi hiyo hufanywa na getaddrinfo, kitendaji cha maktaba ya C ambacho hakijui kufanya lolote isipokuwa kusubiri. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, husubiri sekunde tano kwa kila jaribio, majaribio mawili kwa kila seva ya majina.

Sasa weka mambo hayo pamoja pale Lusenda. Rezo imekatika. Sehemu ya programu inayotuma nakala mjini haikati tamaa. Inajaribu fomu hii, inajaribu ile, na kila jaribio linaanza kwa kutafuta anwani. Majaribio manne tu yanatosha kuzikalia nyuzi zote nne. Mama muuguzi anabonyeza "hifadhi", na fomu ya mtoto mwenye homa, isiyohitaji kwenda popote zaidi ya kadi iliyo mita mbili kutoka alipoketi, inapanga mstari nyuma ya maswali yanayosubiri jibu kutoka Bukavu. (Baadaye watunzaji wa libuv waliweka mpaka, kazi za kutafuta anwani zisizidi nusu ya nyuzi. Mwaka ule mpaka huo haukuwepo kwenye toleo letu.)

Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo. Node.js yenyewe ina njia ya pili ya kutafuta anwani, isiyopita kwenye nyuzi hizo, na utumaji wenyewe tuliuhamishia kwenye mchakato wake peke yake. Kilichonikaa kichwani ni kingine. Ukitazama msimbo ule, kuandika faili na kutuma mtandaoni vilifanana kabisa: jina la kitendaji, vigezo, na mwishoni kitendaji cha kuitwa baadaye. Kiolesura safi, kinasomeka hata na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na hakuna mahali popote katika usafi huo palipoandikwa kwamba vitu viwili visivyohusiana vinagombania nafasi nne zilezile. Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wengine wanaukataa: kiolesura kinachoficha foleni si kiolesura rahisi. Foleni ipo utake usitake. Afadhali niione, nijue urefu wake na nani yumo, na niwe na uwezo wa kufungua nyingine.

Mimi na mwenzangu mmoja tukaamua kuandika maktaba yetu ndogo ya kazi za diski, yenye vitendaji vitatu: cha kupeleka ombi, cha kupokea majibu, na cha kughairi. Tuliiandika jioni, mashine zikichajiwa, na tulibishana kuhusu vitu vidogo kuliko mtu angedhania.

Ubishi wa kwanza ulihusu alama. Unapopeleka maombi hamsini, majibu hayarudi kwa mpangilio uliopeleka. Utajuaje hili ni jibu la lipi? Mwenzangu alitaka maktaba itoe namba yake na mwitaji, yaani programu inayoitumia maktaba, aitunze. Mimi nilitaka mwitaji alete alama yake mwenyewe, maktaba imrudishie bila kuigusa. Tuliamuliwa na kibanda cha kuchaji simu. Pale kambini, asiye na umeme anaacha simu kibandani, mwenye kibanda anabandika kikaratasi chenye namba nyuma ya simu na kumpa mwenyewe kikaratasi chenye namba ileile. Mfumo huo unafanya kazi, ila mteja akipoteza kikaratasi mambo yanaharibika. Wateja wa kila siku waliacha kabisa kuchukua vikaratasi. Waliandika majina yao nyuma ya simu kwa wino usiofutika, na mwenye kibanda alichofanya ni kusoma tu. Alama ya mwitaji ikashinda. Kwa njia hiyo programu haihitaji daftari la pembeni la kutafsiri namba za maktaba kuwa fomu za wagonjwa. Jibu linarudi likiwa tayari limebeba jina la fomu.

Sharti la pili halikuwa na ubishi: kila ombi lipate jibu moja. Lisikose, na lisipate mawili. Likishindwa, jibu ni kosa; likighairiwa, jibu ni kwamba limeghairiwa; na hata likimalizika papo hapo, jibu lipite njia ileile ya kupokea majibu, lisirudi kwa mlango mwingine. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Isaac Schlueter, aliyeanzisha npm, aliandika mwaka 2013 akiwaonya watu kuhusu vitendaji ambavyo mara vinajibu hapohapo, mara vinajibu baadaye, kutegemea kama data ilikuwa tayari kumbukumbuni. Anayetumia kitendaji cha namna hiyo hawezi kujua mstari wake unaofuata utatekelezwa kabla ya jibu au baada. Programu inapita majaribio yote ofisini, ambako diski ni ya kasi, halafu inavurugika kambini. Bora ijibu kwa kuchelewa kila mara kuliko kuwahi mara mojamoja.

Halafu tukafika kwenye bafa, ile sehemu ya kumbukumbu inayobeba data ya ombi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakongwe wa fani hii huwa wakali. Ukiita mwito wa kawaida wa kuandika, unaoipa kerneli data na kusimama hadi umalizike, hakuna swali la nani anamiliki kumbukumbu hiyo, kwa sababu wewe umesimama. Katika mwito usiosubiri, umeondoka. Ukiibadilisha bafa kabla kazi haijakwisha, kinachoandikwa ni mchanganyiko wa fomu ya mgonjwa huyu na ya anayefuata. Ukiiachilia, ni vibaya zaidi. Tuliweka sheria isiyo na msamaha: ukishapeleka, bafa si yako hadi jibu lirudi, na jibu lenyewe ndilo linalokurudishia bafa mkononi.

Sheria hiyo ndiyo inayofanya kughairi kuwe kugumu. Wengi hufikiri kughairi ni amri: nimesema basi, basi. Lakini wakati unasema basi, kerneli inaweza kuwa imeshaanza, au imeshamaliza na jibu liko njiani. Kughairi ni ombi jingine, lenye jibu lake, na ombi la awali nalo litapata jibu lake, ama "limeghairiwa" au "limekamilika, umechelewa". Hadi jibu la awali lifike, bafa bado haiko mikononi mwako. Maktaba nyingi nilizozisoma tangu wakati huo zinafanya vizuri katika kila kitu isipokuwa hapa. Zinakupa kitendaji cha kughairi kinachorudi haraka na kukuacha ukiamini kwamba mambo yamekwisha.

Na kuna swali ambalo huko kwenye umeme wa uhakika nisingelijua: "imeandikwa" maana yake nini? Mwito wa write ukirudi na kusema sawa, data imefika kwenye kumbukumbu ya kerneli, si kwenye kadi. Linux kwa kawaida inaweza kuiacha huko kama sekunde thelathini kabla ya kuanza kuishusha. Betri ya sola ikifa asubuhi baada ya siku ya mawingu, sekunde thelathini za foleni ni wagonjwa kadhaa. Kuna fsync ya kulazimisha ushushaji, lakini ni ya polepole, na kwenye kadi za kumbukumbu hukawia kupita kiasi. Tuliishia kumlazimisha mwitaji achague wakati wa kupeleka ombi: unataka jibu data ikipokelewa, au ikishafika kwenye kadi? Hatukuweka chaguo la kimyakimya. Usipochagua, ombi linakataliwa. Mwenzangu aliona ni usumbufu, nami hadi leo naona ndilo jambo bora kuliko yote tuliyoyafanya. Kwenye tableti tuliweka rangi mbili, na muuguzi akajifunza siku ileile kwamba tableti haizimwi kabla rangi ya pili haijatokea.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Nairobi, nilikutana na umbo hilohilo mahali ambapo halihusu diski hata kidogo. Safaricom ilikuwa imefungua Daraja, kiolesura cha M-Pesa kwa waandishi wa programu, mwaka 2017. Duka likitaka kulipwa, programu yake inapeleka ombi, na simu ya mteja inaonyesha dirisha la kuweka namba ya siri. Jibu la kwanza linalorudi, lenye msimbo 0 na namba ya ombi, halimaanishi kwamba pesa imelipwa. Linamaanisha kwamba ombi limepokelewa. Malipo yenyewe yanasubiri binadamu, na matokeo yanatumwa baadaye kwenye anwani uliyoitaja katika ombi: 0 kama amelipa, 1032 kama ameghairi, 1037 kama simu yake haikufikika. Vijana wanaoanza huona ile 0 ya kwanza wakatoa bidhaa. Ni lile swali letu la rangi mbili, sasa likiwa na pesa ndani yake. Na kwa kuwa jibu linalopita mtandaoni linaweza kupotea, kuna pia njia ya kuuliza hali ya ombi kwa namba yake. Yeyote anayebuni kiolesura cha kazi zinazochelewa angefaidika kukisoma hicho kabla ya kusoma vitabu.

Kuhusu vitabu, niliposoma historia niligundua kwamba tuliyokuwa tukiyabishania Lusenda yana umri mkubwa kuliko wangu. Mfumo wa VMS wa kampuni ya Digital, uliotangazwa mwaka 1977, ulikuwa na mwito wa kupeleka ombi la kusoma au kuandika na kuendelea na shughuli zako. Dave Cutler, aliyekuwa miongoni mwa waliouongoza, alihamia Microsoft akajenga Windows NT, na mwaka 1994 toleo la 3.5 likaja na milango ya ukamilishaji: foleni moja ambako majibu ya maombi yote huja kusubiri kuchukuliwa. Unix ilibaki ikiuliza "nani yuko tayari?" kwa miaka mingi. Linux ilijaribu mara moja na kiolesura chake cha AIO, lakini ili kweli kisisubiri ilibidi uikwepe hifadhi ya kumbukumbu ya kerneli kwa O_DIRECT, jambo ambalo watu wa kanzidata kubwa wanaliweza na sisi wengine hapana.

Mwaka 2019, kwenye Linux 5.1, Jens Axboe alileta io_uring. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Foleni mbili za duara katika kumbukumbu ambayo programu na kerneli zinaishiriki: moja ya maombi, nyingine ya majibu. Kila ombi lina baiti 64, na ndani yake kuna nafasi ya biti 64 ambayo kerneli haiisomi; inairudisha tu kwenye jibu kama ilivyo. Wino nyuma ya simu! Unaweza kuunganisha maombi, kwamba fsync ianze tu baada ya write kufaulu. Kughairi ni ombi lenye jibu lake, na lililoghairiwa nalo linajibiwa. Faili na mtandao vinapita njia moja, safari hii kwa uwazi.

Simwambii kila mtu aandike moja kwa moja juu ya kiolesura hicho. Kwa kazi nyingi, lugha inayokuruhusu uandike kana kwamba unasubiri, kama Go ilivyofanya tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2012, ni chaguo zuri kuliko vitendaji vya kuitwa baadaye vilivyopandiana. Hata async na await, vilivyoenea kutoka C# mwaka 2012 hadi Python, JavaScript na Rust, vimewaokoa watu wengi. Lakini haviondoi masharti yale. Katika Rust, kwa mfano, kazi ya async inaghairiwa kwa kuitupa tu, na kerneli iliyopewa bafa yake kupitia io_uring haina habari kwamba imetupwa. Itaendelea kuandika humo. Walioandika maktaba za Rust za io_uring walilazimika kurudi kwenye sheria isiyo na msamaha: bafa inakabidhiwa, na jibu linairudisha.

Kabla hujajenga chochote juu ya io_uring, ewe kijana wa Baraka, Uvira au Bukavu unayesoma haya, ujue jambo moja zaidi. Mwaka 2023 Google walieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi waliyoletewa katika mpango wao wa zawadi za kuvunja kerneli yalipitia humo; wakaizima kwenye ChromeOS na kwenye seva zao, na wakazizuia programu za Android kuifikia. Docker huizuia kwa mpangilio wake wa kawaida, na tangu Linux 6.6 msimamizi wa mashine anaweza kuizima yote kwa mpangilio mmoja. Kwa hiyo ijaribu kwenye mashine ileile itakayofanya kazi, si kwenye kompyuta yako ya nyumbani, na acha ndani ya programu yako njia ya nyuzi za pembeni itakayochukua kazi ikikataliwa. Na nyuzi hizo zitenge: za diski kando, za kutafuta anwani kando.